Pinipointa inalia shimoni na hakuna kitu: kabla hujaifungua

SWALI: Fundi, shikamoo. Nasaka dhahabu huku Chunya kwa detekta ya mapigo, na nina pinipointa ya mkononi, ile ya kuonyesha kipande cha metali kiko wapi hasa ndani ya shimo, inayotumia betri moja ya volti 9. Siku hizi inanitesa. Nikiiwasha juu ya shimo inatulia, nikiishusha ndani inalia na kutetemeka mfululizo hata pasipo na kitu. Saa nyingine inalia yenyewe nikiwa nimeishika hewani, hasa jua likiwa kali. Nimebadili betri: kwanza niliweka mpya ya dukani, halafu nikanunua ile inayochajiwa kwa waya wa simu, ikawa mbaya zaidi. Iliwahi kuanguka kwenye mawe lakini ikaendelea kufanya kazi. Detekta yenyewe haina shida, naiegemeza pembeni ya shimo na imetulia kabisa. Mwenzangu anasema koili ya pinipointa imekufa, tuifungue. Mwingine anasema ni feki, niitupe. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Kwa sasa usimsikilize hata mmoja. Bisibisi irudishe ilikotoka, na hicho kifimbo, yaani pinipointa yako, usikitupe.

Koili iliyokufa haichagui mahali pa kulia. Waya wake ukikatika, pinipointa ama inanyamaza hata ukiigusisha kwenye jembe, ama inapiga mlio mmoja tangu unapoiwasha hadi unapoizima, hewani na shimoni sawasawa. Yako inatulia hewani kisha inalia shimoni, na siku nyingine inalia hewani jua likiwaka. Hayo ni malalamiko mawili, na kwa maelezo uliyonipa naona kila moja lina chanzo chake. Kuna na la tatu, lile la kuanguka kwenye mawe, ambalo umelitaja kwa kupita tu. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, nitalifikia.

Kwanza uelewe kifimbo kinafanya nini, maana kila kipimo nitakachokupa kinatoka hapo. Ndani ya ncha kuna kijiti cha feraiti, yaani unga wa oksidi ya chuma uliochomwa ukawa mgumu kama kigae, na juu yake umezungushwa waya mwembamba wa shaba. Bodi inapitisha kwenye waya huo umeme unaogeuka maelfu ya mara kwa sekunde. Unapobonyeza kitufe cha kuwasha, bodi inapima hali ya koili wakati uleule na kuichukulia kuwa ndiyo hali ya "hakuna kitu". Kuanzia hapo, badiliko lolote linalovuka kiwango kilichowekwa linahesabiwa kuwa metali, na mlio unaanza. Kifimbo hakijui dhahabu wala msumari. Kinajua tu kwamba koili yake si kama ilivyokuwa ilipowashwa. Metali inaibadili koili, lakini pia udongo wenye chuma unaibadili, joto linaibadili, ufa kwenye feraiti unaibadili, na betri inayoyumba inaifanya bodi idhani koili imebadilika.

Sasa rudi kwenye sentensi yako ya kwanza: unaiwasha juu ya shimo, inatulia, unaishusha, inalia. Kwa lugha ya kifimbo, umekiambia hewa ndiyo sifuri, halafu ukakiingiza kwenye udongo. Kama udongo wa hapo ni ule mwekundu wenye changarawe za chuma, au una mchanga mweusi mwingi, kifimbo kinalia kwa haki yake. Kuhakikisha ni rahisi: chukua sumaku, ile ya spika mbovu inatosha, ifunge kwenye kitambaa chembamba, ipitishe kwenye udongo mkavu uliotoa shimoni, kisha itazame. Ikitoka na vinyweleo vyeusi vilivyosimama kama ndevu, shimo lako limejaa magnetaiti, yaani madini meusi ya chuma yanayoshikwa na sumaku, na pinipointa yoyote duniani ikiwekwa kwenye usikivu wa juu kabisa italalamika humo. Kitambaa ni kwa ajili yako. Bila hicho utakesha ukiisafisha sumaku.

Dawa yake ina sehemu mbili. Punguza usikivu kwa kiwango kimoja kwanza. Watu wengi wanaacha kwenye kiwango cha juu wakiamini ndiko wanakopata kina zaidi, lakini kwenye udongo wa chuma kina hicho ni cha bure, maana mlio wa udongo unafunika mlio wa dhahabu. Kisha tuni upya, yaani kiwekee kifimbo sifuri mpya, ukiwa kwenye udongo, si hewani. Gusisha ncha kwenye ukuta wa shimo mahali ambapo detekta haikuonyesha kitu, halafu ituni hapo. Kwenye Garrett Pro-Pointer AT, kwa mfano, ukibonyeza kitufe haraka mara moja wakati imewashwa inajituni upya, na ina viwango 3 vya usikivu. Nyingine nyingi zimefuata mtindo huo, na zile zisizo na njia hiyo unazizima na kuziwasha tena ncha ikiwa imegusa udongo. Sasa sifuri yako ni udongo, na kitakacholia ni kile kilichozidi udongo.

Tahadhari moja. Ukituni kwa bahati mbaya juu ya kitu chenyewe, umekiambia kifimbo kuwa dhahabu ndiyo sifuri, na kitakaa kimya karibu yake. Mtaalamu analigeuza hilo kuwa faida: akishapata mlio mpana usiojulikana kitovu, anasogea hadi pembeni mwa mlio, anatuni hapo, na mlio unabana hadi unabaki mahali padogo. Jizoeze hilo nyumbani kwanza, kwa kitu unachokiona.

Udongo si mkosaji peke yake shimoni. Umesema detekta unaiegemeza pembeni na "imetulia kabisa". Imetulia masikioni mwako tu. Detekta ya mapigo ikiwa imewashwa, koili yake inaendelea kurusha mapigo ya sumaku ardhini mamia au maelfu ya mara kwa sekunde, na mapigo hayo yana nguvu kuliko chochote kinachotoka kwenye kifimbo chako. Kifimbo kinayapokea na kuyahesabu. Unaposhuka shimoni unajisogeza karibu na koili ile, na mlio unaanza. Ukisimama wima unaisogeza mbali, inatulia. Unaweza kuapa kuwa ni udongo kumbe ni mashine yako mwenyewe. Shimo linalofuata, izime detekta kabisa kabla hujatoa kifimbo mfukoni. Kelele zikiisha, jibu umeshapata, na kuanzia hapo ilaze mbali, hatua mbili au zaidi, koili ikiwa imegeuziwa upande mwingine, au izime kila unapochokonoa.

Wakati uko hapo, tazama na sururu yako. Wasakaji wengi wa detekta wamegundisha sumaku kali kwenye sururu ili vipande vya chuma vijishike vyenyewe. Ni akili nzuri, lakini sumaku hiyo ikikaa karibu na ncha ya pinipointa inaishibisha feraiti na kuyumbisha kila kitu, hata kama chuma cha sururu chenyewe kiko mbali kidogo. Iweke nyuma yako. Viatu vyenye chuma kwenye vidole, simu mfuko wa shati unapoinama, pete, kifungo cha mkanda, vyote vimewahi kuletwa mezani kwangu vikiwa vimevaliwa na mtu aliyekuja kulalamikia pinipointa.

Twende kwenye betri, na hapa umenipa dalili nzuri kuliko unavyofikiri. Umesema betri ya kuchaji kwa waya wa simu imeifanya kuwa mbaya zaidi. Betri hizo za mraba si volti 9 kwa ndani. Zina seli ya lithiamu ya volti 3.7 hivi, na juu yake kuna kibodi kidogo kinachoupandisha umeme hadi 9 kwa kuukata na kuuachia kwa kasi kubwa mno. Tochi haijali. Pinipointa, ambayo kazi yake yote ni kusikiliza mabadiliko madogo kabisa ya umeme kwenye koili, inaisikia kelele hiyo. Baadhi ya betri hizo zimechujwa vizuri na hazileti shida, nyingine zinaifanya pinipointa ilie hewani bila sababu. Itoe, itumie kwenye tochi. Ukitaka ya kuchaji, tafuta ya nikeli isiyo na kibodi ndani, uangalie kuwa imeandikwa volti 8.4 na si 7.2, ile ya 7.2 pinipointa inaweza kuihesabu kuwa imeisha mapema.

Na ile mpya ya dukani? Geuza uisome ubavuni. Ikiwa imeandikwa 6F22, ni ya kaboni na zinki, ile ya bei ya chini. Inayofaa imeandikwa 6LR61, alkalaini. Usidanganywe na maandishi makubwa ya "Heavy Duty", hayo yanapakwa hasa kwenye zile za kaboni. Tatizo la ya kaboni haliko kwenye volti zake ikiwa imepumzika. Ukiipima kwa mita inasoma 9 na ushee kama nyingine. Tatizo ni kwamba inashuka ghafla ikibebeshwa mzigo, na kwenye pinipointa mzigo mkubwa ni mota ya kutetemesha pamoja na spika. Tazama kinachotokea: kifimbo kinasikia kitu kidogo, kinatetemeka, mota inanyonya umeme, volti zinashuka, bodi inadhani koili imebadilika tena, inaendelea kutetemeka. Inajilisha yenyewe. Hapo ndipo unapopata ule mtetemo usioisha hata ukiisogeza mbali na kila kitu, na unaisha tu ukiizima.

Una mita? Weka resista ya omu 100 kati ya ncha mbili za betri kwa sekunde chache tu, upime volti ikiwa humo, utoe mara moja maana resista inapata moto. Alkalaini mpya inashuka kidogo na kusimama. Ikiporomoka chini ya 8 papo hapo, hiyo si betri ya kazi hii hata kama umeinunua asubuhi. Huna mita, kuna njia ya mkato: kama pinipointa yako inaweza kuwekwa itetemeke bila spika au ilie bila kutetemeka, zima mtetemo. Kelele ikipungua sana, mlaumu betri.

Kabla hujaondoka kwenye betri, angalia inavyokaa. Betri za mraba hazilingani urefu kama kiwanda kinavyodai. Zipo fupi kwa milimita moja au zaidi, na kwenye kifimbo kinachotegemea springi, hiyo inatosha kuifanya icheze. Fungua kifuniko, vuta springi kidogo kwa kucha, futa ncha za betri kwa kitambaa chenye spiriti, na kama kuna kutu ya kijani ikwangue taratibu kwa kifutio cha penseli. Halafu washa kifimbo na ukitikise bila kugusa ncha yake ya mbele. Ikizimika na kuwaka, au ikilia kila unapotikisa upande wa betri, ushajua. Betri za akiba usizitupie mfukoni pamoja na funguo au sarafu. Ncha zote mbili ziko upande mmoja, zikiunganishwa na kipande cha chuma zinapata moto wa kuunguza suruali.

Kulia kwa mchana kuna sababu ya pili mbali na betri. Feraiti hubadilika kwa joto. Ukiacha kifimbo kwenye jua, juu ya jiwe au kwenye bati la gari, ncha inapata moto, kisha unakishusha kwenye udongo wa chini ulio baridi, na koili inatembea polepole kutoka sifuri ya moto kwenda sifuri ya baridi. Mlio unaopanda taratibu bila kuguswa na kitu ndio alama yake. Mlio wa metali hauji hivyo, unaruka. Iweke kwenye ala yake kivulini, iingize shimoni ikiwa imezimwa, isubiri ipoe, ndipo uiwashe humo. Kama unaichomoa na kuiwasha haraka haraka siku nzima, tuni upya kila shimo. Hakuna anayekuwekea saa.

Haya, kule kuanguka.

Feraiti ni ngumu, lakini haivumilii pigo. Inaweza kupasuka ndani bila gamba la plastiki kuonyesha alama yoyote, na pinipointa ikaendelea "kufanya kazi" kama ulivyosema, kwa sababu vipande viwili bado vinagusana. Kisha kila mtikisiko unavisogeza kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, na kwa koili hilo ni badiliko kubwa. Matokeo yake ni pinipointa inayolia ukiichokonolea kwenye udongo mgumu, ikatulia ukiishika bila kuitikisa. Hii ndiyo inayofanana na ugonjwa wa udongo kiasi cha kuwadanganya hata mafundi, kwa kuwa yote mawili yanatokea shimoni.

Utazitenganisha hivi. Usiku, ndani ya nyumba, simu na chaja zikiwa mbali, taa za fluoresenti zimezimwa, weka betri ya alkalaini unayoiamini. Kaa kwenye kiti cha plastiki, mbali na nondo na kitanda cha chuma. Washa kifimbo ukikiacha hewani, usikivu wa juu, ukishike kwa kitako bila kukitikisa. Kisubiri kitulie. Sasa chukua kitu kisicho na chuma hata kidogo, mpini wa mswaki au kijiti, ukigonge ncha yake taratibu pande zote, kisha kwa nguvu kidogo zaidi. Kifimbo kizima hakisemi kitu. Kikilia kila unapogonga, hasa kikilia upande mmoja zaidi ya mwingine, feraiti imepasuka au koili imelegea kwenye gundi yake. Kikinyamaza kwa kugonga lakini kikalia ukikikunja kidogo karibu na kitufe, shida iko kwenye bodi au kwenye waya mbili zinazotoka koili kwenda kwenye bodi, na hiyo inatibika.

Halafu pima uwezo wake wa kuona. Kwa kazi ya dhahabu usitumie sarafu. Nyingi za siku hizi ni chuma kilichopakwa nikeli, na sumaku itakuonyesha. Kifimbo kitaziona kutoka mbali na utadhani kiko salama. Tafuta chubwi la mshipi wa kuvulia, lile la risasi, ulikate upate kipande cha gramu moja na kingine cha nusu gramu. Risasi hupitisha umeme vibaya kiasi, na kwa koili kipande chake kidogo hufanana na kipande kidogo cha dhahabu kuliko kitu kingine cha bei rahisi utakachokipata. Pima umbali ambao kifimbo kinaanza kulia, uandike kwenye kifuniko cha boksi. Kesho ukiwa na shaka, unapima tena, unalinganisha. Na usitarajie miujiza: chembe ndogo kama punje ya mtama mara nyingi inabidi iguswe na ncha ndipo isikike, hata kwa pinipointa mpya ya bei kubwa. Mtu anayekuambia yake inaona chembe kutoka urefu wa kiganja anakuuzia kitu.

Kitufe nacho kina vituko vyake. Tope likikauka pembeni mwa mpira wake, kitufe kinabaki kimebonyezwa nusu, na kwa pinipointa zinazobadilisha usikivu kwa kubonyeza na kushikilia, unajikuta kwenye kiwango cha juu bila kujua. Kioshe kwa maji safi na mswaki laini. Ikiwa ni ya kuzamishwa majini, oringi, ile pete ya mpira ya kifuniko, ndiyo mlinzi wako pekee: ifute, tazama kama imekatika, ipake grisi ya silikoni kidogo tu. Vaselini achana nayo, inashika mchanga, na kwa baadhi ya mipira inaivimbisha. Maji yakishaingia, toa betri papo hapo, suuza ndani kwa spiriti ikiwa yalikuwa ya tope, uache wazi kivulini penye upepo kwa siku kadhaa. Usianike juani ukidhani unaharakisha. Gundi ya kwenye ncha inalegea.

Sasa ile ya kuifungua. Pinipointa nzuri za kuzuia maji, ncha yake imemwagiwa gundi ngumu kutoka kiwandani. Hakuna kilichofungwa kwa skrubu kule mbele, na anayekuambia ataitoa koili aiunganishe ataivunja. Kama feraiti ya aina hiyo imepasuka, imekwisha. Ikiwa bado iko ndani ya muda wa dhamana, kuifungua kunafuta dhamana hiyo, kwa hiyo tafuta risiti kabla ya bisibisi. Garrett, kwa mfano, huipa ya kwao dhamana ya miaka 2. Za bei ya chini mara nyingi bodi na koili vinatoka pamoja ukishafungua kitako. Kwa hizo fundi redio mwenye mkono mtulivu anaweza kuchomelea upya waya uliokatika kwenye bodi, kubadilisha kitufe, kubadilisha mota ya kutetemesha kwa ile ya simu mbovu. Hizo ni kazi za kawaida. Asikubali kuzungusha koili upya wala kuunga feraiti kwa gundi ya haraka. Itawaka, italia, lakini bodi imepangwa kwa koili ya kiwandani na utakuwa na kifimbo kinachoyumba kwa kila upepo. Afadhali uiweke ikusubiri siku utakapopata nyingine iliyokufa bodi lakini nzima ncha.

Kuhusu ufeki: pinipointa za rangi ya machungwa zinaigwa sana, na huenda mwenzako anasema kweli. Lakini feki nayo hulia kwa sababu zilezile nilizokueleza, na mara nyingi inatulia kwa dawa zilezile. Ambapo hupungukiwa ni kwenye kuzuia maji na kwenye kuvumilia joto. Ukitaka kujua, azima kwa mtu mwenye ya halali, uiweke sambamba na yako juu ya kipande kilekile cha risasi, betri ileile. Ikiwa yako inaona karibu sawa na inatulia, bei uliyoitoa haijapotea, ila usiizamishe mtoni.

Kama wewe au mwenzako mnatumia zile za zamani za waya, zinazochomekwa kati ya koili na kisanduku cha detekta na kuwa na swichi ya kuhamisha kutoka koili kubwa kwenda kifimbo, kipimo chake ni kimoja kabla ya vyote. Toa kisanduku cha swichi, chomeka koili kubwa moja kwa moja kwenye detekta. Kelele zikiisha, ubovu uko kwenye swichi, plagi au waya wa kifimbo, na mara nyingi ni pale waya unapoingia kwenye plagi, unapokunjwa kila siku. Uchezeshe hapo detekta ikiwa imewashwa, utausikia. Swichi ikiwa imeshika kutu, kuihamisha mara nyingi mfululizo na tone la spiriti huirudisha, angalau kwa muda.

Na wakati haya yote hayajapatiwa ufumbuzi, usisimamishe kazi. Wazee waliosaka Lupa, hukohuko Chunya, tangu miaka ya 1920 hawakuwa na kifimbo, walikuwa na karai na macho. Wewe una detekta. Pata mlio, upite juu yake kwa msalaba, kaskazini kusini kisha mashariki magharibi, uweke alama pale mistari inapokatana. Chimba kando ya alama, si juu yake, ili sururu isiguse kipande. Kila unapotoa udongo, pitisha koili juu ya shimo: kama mlio bado uko chini, udongo uliotoa hauna kitu, usukume pembeni. Mlio ukihama kutoka shimoni kwenda kwenye rundo, kwisha shimo, sasa kazi ni rundo. Chota kwa kikombe cha plastiki, kisiwe na mpini wa chuma, kipitishe juu ya koili iliyolazwa chini. Kikilia, mimina nusu mkononi, upitishe tena. Nusu isiyolia mwaga. Endelea kugawa hadi ubaki na kijiko kimoja cha udongo, uumwage taratibu juu ya koili yenyewe. Kipande kitapiga kelele kikidondoka na utakiona. Vua pete kabla ya kuanza.

Kwa hiyo leo usiku fanya kile cha kugonga kwa kijiti, betri ya alkalaini ikiwa ndani. Kesho shimoni, zima detekta, weka sururu nyuma, punguza usikivu kiwango kimoja, tuni kwenye udongo. Kama kifimbo kilipita kipimo cha usiku na kesho kikatulia, huna cha kurekebisha. Kama kilishindwa kwenye kugonga, niandikie kililia upande gani wa ncha, na kama kina skrubu kwenye kitako au kimefungwa chote, ndipo tujue kama kinakwenda kwa fundi au kinakaa boksini kusubiri ncha nyingine. Ukiamua kununua mpya, nenda dukani na chubwi lako mfukoni, na usitoe pesa kabla hujaigonga ncha yake na kuipima palepale kaunta, huku ukikaa mbali na kabati la chuma.